Mlango wa Chumvi na Sukari

Mukuru kwa Njenga,
Nairobi.
Alhamisi mchana, Mei 1983

Kwako Dada yangu Nasambu,

Nakusalimu kwa heshima nyingi, wewe na wote walio hapo nyumbani. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa miguu, maana uliniambia goti linakusumbua unapopanda kutoka mtoni. Je, mahindi ya shamba la chini yamefika kimo gani? Na ng'ombe yule mwekundu amezaa? Huku mvua imepita kiasi, matope yanatuvua viatu. Mimi sijambo sasa. Hilo neno "sasa" nitalieleza mbele, usishtuke.

Ningeendelea na salamu kama ulivyonifundisha, kumtaja kila mtu kwa jina, lakini leo sitaweza. Nimeandika mistari hii michache nikainuka, nikaenda mpaka kwenye mtaro na kurudi, nikakaa, nikainuka tena. Mama Nthoki, jirani yangu anayeuza chai na githeri hapa kwenye ploti yetu, ameniambia nikitembea mara nyingine mbele ya meko yake atanifunga kamba kama mbuzi wa Krismasi. Kwa hiyo nimekaa kwenye benchi lake na ninaandika.

Asubuhi ya leo alikuja Shitanda, mtoto wa jirani yetu wa nyumbani, yule ambaye ni taniboi, anayepakia mizigo kwenye basi la usiku. Alisimama ng'ambo ya mtaro akaniita kwa sauti. Akasema mke wangu Nerima alimkimbilia jana jioni basi likipakia mizigo, miguu mitupu, kitambaa kimeanguka. Akamwambia kwamba mtoto wetu Mulama anaharisha tangu Jumatatu, macho yameingia ndani, na analia bila machozi kutoka. Na kwamba wewe Dada umeamuru asipewe maji wala ziwa mpaka tumbo likauke. Nerima anakuheshimu, hawezi kukupinga nyumbani mwako. Aliomba tu niulizwe mimi, baba wa mtoto, afanye nini.

Basi jibu langu ni hili, na nakuandikia wewe badala yake, kwa kuwa hapo nyumbani hakuna sufuria inayowekwa motoni bila wewe kujua. Nakuomba, Dada, mpeni Mulama maji. Maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, na Nerima amnyonyeshe kila anapotaka. Nimempa Shitanda pakiti za unga wa dawa hiyo nilizopewa na wauguzi, yeye mwenyewe atazikabidhi mkononi mwako. Zikiisha, utachanganya mwenyewe, nitakueleza jinsi.

Ungeuliza mbona sikuja mwenyewe. Nilishafunga kijimfuko changu, Dada. Lakini ploti yetu imezuiwa kwa ajili ya kipindupindu. Watu wa baraza la jiji wamemwaga chokaa vyooni na njiani mpaka kuku wamekuwa weupe, na askari amekaa pale njia inapotokea barabarani. Hakuna wa kupanda basi kutoka hapa mpaka waturuhusu. Nimembembeleza yule askari asubuhi yote. Mwishowe aliniuliza, kwa upole kabisa, kama nataka kumbebea mtoto wangu ugonjwa wa pili juu ya ule alio nao. Nilitafuta pia njia ya kupiga simu pale hospitali ya misheni, huko kwenu. Shitanda alikwenda mjini akapiga kwa niaba yangu, simu ikalia tu bila mtu kuinua. Kwa hiyo imebaki karatasi hii.

Sasa najua umekunja uso. Najua utakavyosema, kwamba mtoto anavuja chini kama debe lililotoboka, na huyu Patrobas anataka tumwagie juu. Na utasema chumvi nayo! Usidhani nakucheka. Mimi nilisema hivyohivyo, tena kwa kelele kuliko wewe, mbele ya ploti nzima.

Unajua kazi yangu ni ya ngozi. Jimale, nyapara wetu, hupokea ngozi mbichi za ng'ombe kutoka machinjioni, nasi vibarua tunazitandaza sakafuni ghalani, upande wa nyama juu, tunatia chumvi kwa koleo, tunalaza nyingine juu yake, chumvi tena, mpaka rundo linafika kifuani. Kesho yake ukija unakuta maji yanatiririka chini ya rundo yakielekea kwenye mfereji. Hakuna aliyeyamwaga. Chumvi imeyavuta kutoka ndani ya ngozi. Ngozi iliyoingia nzito, inayokushinda kubeba, inatoka nyepesi na ngumu kama ubao. Chumvi hiyohiyo inapasua vidole vyangu. Ikiingia kwenye gambuti inanyonya unyayo mpaka ukunjamane kama wa kikongwe.

Kwa hiyo mvua ilipoanza kuleta kipindupindu hapa Mukuru, na wauguzi wakapita mlango kwa mlango wakisema anayeharisha apewe maji ya chumvi na sukari, mimi nilisimama katikati ya ploti nikawaambia watu wasikubali. Niliwaambia nimekula chumvi kwa macho na kwa mikono miaka mingi, naijua kuliko wote. Chumvi hukausha. Nikasema mkimpa mtoto hiyo mtamtoa kama ngozi ya mbuzi. Watu walinisikiliza. Kwa hapa mimi naitwa Mzee wa Chumvi, ingawa sina hata mvi. Sukari peke yake nikawaruhusu, kama vile mimi ndiye daktari mkuu.

Mama Nthoki peke yake hakunisikiliza. Msichana wake alikuwa amelala mkekani, hata kope hazipandi. Aliniambia niende nikawatibu ng'ombe zangu ambao wameshakufa, yeye wa kwake bado anapumua. Akamnywesha yale maji, kijiko baada ya kijiko. Jumapili iliyofuata yule msichana alikuwa akiruka kamba mbele ya mlango wangu, nami nikajiambia ni bahati.

Halafu nikaugua mimi.

Hili ndilo nililowaficha, Dada, na niliwakataza watu wa nyumbani walioko huku wasiwaandikie. Ugonjwa ulinianza ghalani, kazi ikiendelea. Nilidhani ni githeri. Kabla ya saa ya chai nilikuwa siwezi kusimama, na kilichotoka kilikuwa kama maji yaliyooshea mchele. Misuli ya miguu ikajikaza nikapiga kelele. Jimale alinipakia mwenyewe kwenye mkokoteni wa ngozi, juu ya gunia, akausukuma hadi barabarani pamoja na mwenzangu mmoja, akimfokea kila aliyesimama njiani. Nilipelekwa kwenye hospitali ya magonjwa ya kuambukiza. Kule wanakulaza kwenye kitanda cha turubai chenye tundu katikati na ndoo chini yake, na hapo heshima yote ya mtu mzima inakwisha.

Walinitia maji ya mshipa kwanza. Nilipoanza kusema, muuguzi mmoja anayeitwa Sista Warigia akaniletea jagi la maji ya chumvi na sukari. Nikakataa. Nikamweleza mambo ya ngozi, nimelala vile, sauti imepotea. Wagonjwa wengine wakacheka, mmoja akasema huyu aachiwe akauke, atauzwa Italia awe viatu. Sista Warigia hakucheka. Aliniuliza swali moja, kwamba hizo ngozi zangu zinapofika ghalani, ziko hai au zimekufa.

Nilijibu zimekufa, bila shaka. Akasema basi mimi sijawahi hata siku moja kutia chumvi kitu kilicho hai.

Kisha akavuta kiti, akaanza kunieleza huku akininywesha kidogo kidogo, na mimi nikawa nameza ili aendelee kusema. Nitakuandikia alivyosema, kwa maneno yangu, maana mimi shule yangu unajua ilipokatikia.

Alisema mwili wote umejengwa kwa vyumba vidogo sana visivyoonekana kwa macho, vinaitwa seli. Kila kimoja kimezungukwa na utando, mwembamba kuliko ule unaokaa juu ya maziwa, na utando huo ni wa mafuta. Aliposema mafuta, Dada, hapo akili yangu iliamka. Sisi ghalani, ngozi ikija na mafuta yameganda upande wa nyama, Jimale huirudisha ikakwanguliwe. Palipo na mafuta chumvi haipiti, na ngozi huozea hapohapo. Nikamwambia hilo. Akafurahi, akasema ndivyo hasa. Chumvi haiwezi kupenya mafuta ya utando, sukari pia haiwezi, na maji nayo hupita kwa shida. Hewa tunayovuta hupita yenyewe. Na pombe hupita bila kubisha hodi, akasema, ndiyo maana mtu hulewa kabla hajamaliza hadithi yake. Lakini chumvi na sukari lazima zitafute milango. Utando una milango mingi midogo, na kila mlango una kitu chake unachokikubali na vingine unavikataa.

Tena kuna milango ambayo ni kama askari wa geti. Kazi yao ni kuitupa chumvi nje ya chumba, usiku na mchana, hawapumziki. Chakula tunachokula, sehemu kubwa inalipa kazi hiyo. Seli ikifa, askari wamelala, milango iko wazi, chumvi inaingia na kuvuta inavyotaka. Hiyo ndiyo ngozi ya ng'ombe ghalani. Aliye hai hayuko hivyo.

Maji nayo, alisema, hufuata chumvi. Chumvi ikiwa nyingi upande huu, maji yanakuja upande huu. Kwa hilo mimi na wewe tuko sawa, hatukukosea. Kwa hiyo mtu akinywa chumvi kali, maji ya mwili yatavutwa tumboni na atazidi kuharisha, hata mtoto anaweza kufa. Lakini chumvi kidogo, isiyozidi ile ya machozi, ikiwa imeshikana mkono na sukari, ni jambo jingine. Utumbo una mlango mmoja ambao hufunguka vitu hivyo viwili vikifika pamoja. Chumvi peke yake mlango huo haufunguki. Sukari peke yake, vilevile. Zikija pamoja zinaingia, na maji yanafuata nyuma yao mpaka kwenye damu.

Nikamuuliza, na hili ndilo nataka ulisome polepole, kama milango ipo, mbona maji yananitoka hivi. Akasema sumu ya ule ugonjwa inakwenda kwenye mlango mwingine, ule wa kutolea, inaufungua na kuuzuia usifungike. Maji ya mwili yanamwagika kupitia hapo. Ule mlango wa chumvi na sukari haiugusi, unabaki mzima. Na tumbo la mtoto linaloharisha kwa sababu nyinginezo, ambazo ni nyingi, alisema nalo huuacha mlango huo ukifanya kazi mara nyingi.

Unaona, Dada? Kinachomtoka Mulama ni maji ya damu yake. Hakitakoma kwa sababu amenyimwa kikombe. Kikombe usipompa, maji yatazidi kutoka hadi yatakapokwisha, na hapo ndipo utaona tumbo limekauka kweli, na utafikiri dawa imefanya kazi. Macho kuingia ndani, kulia bila machozi, hayo ni maji yaliyokwisha kuondoka. Ukimbana ngozi ya tumbo kwa vidole viwili na kuachilia, ikibaki imesimama, basi amekauka vibaya.

Nimeinuka tena. Nimerudi. Shitanda amesema atapita kuchukua barua basi likitoka gereji, na kila honi ninayosikia barabarani nadhani ni yeye.

Dada, nimefika mahali nilipokuwa naogopa kufika. Nimeanza aya hii mara kadhaa na kuifuta. Wewe ni mtu wa kusikilizwa. Wanawake wa ng'ambo ya mto wanakuletea watoto wao kwa sababu ya Johnson. Wanasema Nasambu alimkausha mwanawe akapona, leo ni mwanamume mwenye mke na watoto. Utaniambia hivyohivyo, kwamba dada yake, Namalwa, alichukuliwa na Mungu, lakini Johnson alipona kwa kukaushwa, na mimi nilikuwepo nikaona kwa macho yangu.

Ni kweli nilikuwepo. Johnson hakupona kwa kukaushwa.

Siku zile wote wawili walipoharisha, nami ni mtoto bado, Namalwa alilala nawe, mkononi mwako. Johnson ulimlaza na mimi jikoni kwa sababu nafasi haikutosha. Ulikuwa umeniagiza nimbebe mgongoni atulie. Nilipombeba, alianza kunilamba shingo. Nilikuwa nimetoka shambani na jasho limenikauka, naye alilamba jasho lile kama ndama anavyolamba ukuta wenye magadi. Nilishindwa kuvumilia, Dada. Palikuwa na uji mwepesi ambao Mama aliniachia, ule wa chumvi, kwa maana sukari haikuwepo nyumbani. Nikampa kidogo kwa kidole. Akashika kidole kwa meno. Nikampa wote. Na siku zilizofuata nikawa sinywi uji wangu, ninampa yeye nyuma ya jiko, na ukiisha naongeza maji na chumvi kidogo kwenye masazo ya chungu. Ulipokuja kumtazama ulimkuta amenyamaza, ukasema tumbo limekauka, ukamshukuru Mungu.

Sista Warigia nilimwuliza kuhusu uji ule, nikamwambia ni kisa cha mtu mwingine. Akasema unga, ukifika tumboni, huvunjika ukawa sukari. Kwa hiyo mlango ulifunguka.

Namalwa sikumfikia. Alikuwa upande wako wa ukuta, na niliogopa mkono wako. Sikusema siku ile kwa kuogopa fimbo. Baadaye nikanyamaza kwa sababu nilikuona ukilia, nikadhani mtoto kama mimi anajua nini kuhusu dawa. Halafu watu wakaanza kukuletea watoto, na likawa jambo lisilosemeka.

Usijitie kisu, Dada. Ulifanya kama Mama alivyokufanyia wewe, na kama Bibi alivyomfanyia Mama. Sista mwenyewe alisema hata mahospitalini, zamani, walikuwa wakiwanyima chakula na maji wanaoharisha. Hakuna mtu aliyekuwa anaijua milango hii. Na mimi juzijuzi tu, mzima na ndevu zangu, nilikuwa nikisimama kwenye ploti kuwakataza akina mama wenye watoto. Sijamwambia Nerima habari za Johnson, wala Johnson mwenyewe, wala sitawaambia. Wewe unasoma Biblia yako bila miwani, soma barua hii peke yako, kisha itie motoni.

Dawa utaichanganya hivi: chukua kopo la mafuta ya kupikia la kilo moja, lijaze maji yaliyochemka yakapoa. Tia pakiti moja bila kuongeza kitu; pakiti zikiisha, tia vijiko sita vya chai vya sukari, vilivyosawazishwa kwa kisu, na nusu kijiko cha chumvi, nayo isawazishwe. Usizidishe chumvi hata kwa nia njema. Onja wewe kwanza, yasiwe na chumvi kuliko machozi. Mpe kijiko, ngoja kidogo, mpe kingine. Akitapika, pumzika, kisha anza tena. Ataendelea kuharisha, usiogope na usikome. Mpe ziwa kati ya vijiko. Kila asubuhi changanya mapya, ya jana mwaga. Na Shitanda akishapakua mizigo atawasaidia kumpeleka misheni, lakini mumnyweshe kabla ya kuondoka na mumnyweshe njiani. Akiwa amelegea hawezi kumeza, msingojee chochote, kimbieni naye.

Nisalimie Nerima, mwambie nimesikia na nimejibu. Msalimie Baba, na mama wakwe, na watoto wote wa nyumba ya juu. Mama Nthoki anakusalimu ingawa hamjuani, na ametuma kilo ya sukari kwa mkono wa Shitanda. Akasema niandike kwamba imetoka kwake, si kwa Mzee wa Chumvi.

Naona Shitanda amefika, anapiga mluzi ng'ambo ya mtaro na askari anamfukuza. Dada, jambo moja. Nerima atatetemeka, na mtoto akiona mama yake anatetemeka atakataa kijiko. Usimwachie. Mpakate Mulama wewe mwenyewe, mkono wako ndio uliomlea kila mtoto wa nyumba hiyo, atakunywa kwako.

Ni mimi mdogo wako, ninayengoja neno lako,

Patrobas Nabiswa